Mwanangu, usiilipe kwanza

Mwanangu Chebet,

Picha ya ile baiskeli unayotaka kununua nimeiona. Baiskeli inapendeza, lakini usiilipe kwanza. Nimeikuza nikatazama pale foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inapopita juu ya tairi: tairi lina upana wa milimita 25, na juu yake hata kidole hakipiti. Breki nazo ni za kubana rimu. Hiyo ni ya lami tupu, na wewe umesema Jumamosi mnapanda Limuru na kundi, kisha mnakata kupitia njia za mashamba ya chai kule Tigoni. Udongo ule mwekundu ukinyeshewa hujaa kwenye foku mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Likikwama wewe ukiwa kwenye mteremko, je?

Muulize muuzaji: fremu inapokea tairi la upana gani? Akisema 35 au zaidi, endeleeni kuzungumza. Siku za lami utaivalisha tairi la 28 au 32, wala hutaachwa na wenzako. Kifua unacho, kile kilima ulikipanda bila kushuka nikajisifu kwa majirani. Ukiachwa itakuwa ni kwa kukesha na simu, jambo nililokukanya.

Breki ziwe za diski. Za waya zinatosha, fundi yeyote atazikaza. Za mafuta zinashika vizuri zaidi, ila ujue kwanza nani atakutolea hewa ikiingia kwenye mafuta. Gia za mbele ziwe za meno 50 na 34, ya nyuma ifike meno 34, magoti yako yapone. Kaboni ya mtumba achana nayo, ufa hujificha chini ya rangi. Alumini nzuri itakutosha.

Unasema naogopa kupita kiasi. Suleiman Kangangi alikuwa mwendeshaji hodari, Mkenya mwenzetu, na mwaka 2022 alianguka kwenye mashindano ya barabara za changarawe kule Vermont, Marekani, akafariki. Tangu siku hiyo ukichelewa kupokea simu Jumamosi sikai. Kwa hiyo nenda na rula, pima ile nafasi mwenyewe, usikubali maneno.

Ikizidi bei, zile pesa za mabati usitume mwezi huu. Mama yako ndiye aliyesema, mimi nimekubali. Jiko linavuja upande wa kuni tu, na kuni tumezihamishia chumba cha kaka yako. Ng'ombe amezaa ndama jike. Daktari wa mifugo anakuja kesho, kwa hiyo nipigie jioni, asubuhi nitakuwa zizini.

Baba yako