Mdogo wangu, kabla hujaja kujifunza rufaa

Mdogo wangu,

Mama mdogo kanipigia juzi, kaniambia umemaliza Law School na unataka kuja kukaa na mimi ofisini ujifunze kesi za rufaa. Nimefurahi, ila nakujua unapenda kuongea, na huku hakuna kuongea sana. Hakuna shahidi wa kumbana maswali mpaka ajikanyage. Kuna makaratasi.

Watu wanadhani rufaa ni kesi kuanza upya. Mteja anakuja na risiti kaiokota kabatini baada ya hukumu, anakwambia wakili, hii ndo itawamaliza. Pole mzee, majaji watatu wa Mahakama ya Rufani hawaigusi hiyo mpaka uwe na sababu nzito kweli kweli, wao wanasoma yaliyosemwa kule chini. Na yaliyosemwa chini, kwenye mafaili ya zamani hasa, shahidi kaongea Kiswahili na aliyekuwa anaandika kaandika Kiingereza, kwa mkono (2021 sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, ila mafaili ya nyuma bado tunayo). Nina moja la shamba, ugomvi wote ni kama babu alimwazima jirani au alimpa moja kwa moja, na mwenendo, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, kwa Kiingereza unasema "gave", alimpa, basi, neno moja. Nikasoma usiku kucha mpaka ukurasa wa 87, shahidi wa upande wa pili, tena wao wenyewe ndo wamemleta, anasema kila mavuno jamaa alikuwa anampelekea mzee gunia moja la mahindi. Sasa mtu kapewa shamba lake, gunia la nini? Hoja yangu yote ikawa hilo gunia.

Halafu siku. Notisi ya rufaa siku 30 tangu hukumu, rufaa yenyewe siku 60 tangu uweke notisi. Kama unasubiri nakala za mwenendo, uwe umeziomba kwa barua ndani ya siku 30 na upande wa pili umewapa nakala ya barua hiyo, la sivyo cheti cha Msajili wa mahakama cha kukutolea siku za kusubiri hakikusaidii kitu. Mimi mwaka wangu wa pili kazini cheti kilikuwa na tarehe imekosewa na sikukikagua. Nimesimama na hoja zangu tamu, wakili wa upande wa pili kainuka na pingamizi la awali, kwamba rufaa ina kasoro isisikilizwe kabisa, nikabaki nakubali mwenyewe, rufaa ikaondolewa hata faili sijafungua. Haya, toka nje ukamweleze mzee wa watu kwamba hatujashindwa, tumeondolewa tu! Alinitazama viatu.

Tangu 2018, ile kanuni ya kutanguliza haki kuliko ufundi, yaani makosa ya utaratibu, ilipoingizwa kwenye sheria, kidogo wamelegeza, ila usije ukailalia, majaji wameshasema mara nyingi haifuti masharti ya lazima.

Na sababu za rufaa usiniletee 14. Nimeshawahi, kwa uoga, nikidhani nikirusha mawe mengi moja litapiga, jaji akaniuliza kwa upole, wakili, kati ya hizi unayoiamini ni ipi? Nikataja mbili. Kumi na mbili tukaziacha pale pale.

Njoo Jumatatu saa mbili. Kuna kumbukumbu za rufaa juzuu tatu mezani, utahesabu kurasa moja moja na kulinganisha tarehe ya dikrii (ile amri rasmi inayotokana na hukumu) na ya hukumu. Suti acha nyumbani, beba rula.