Mwaka huu hukandi, unakandwa

Asalaam aleikum, mdogo wangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Uliutuma saa kumi kasorobo alfajiri, nami nilikuwa jikoni hapa Malindi napasha daku. Nyuma ya sauti yako niliisikia feni ya chumba cha ndani ikiguguna vile vile ilivyokuwa ikiguguna tulipokuwa wadogo. Ukanihesabia mambo tisa unayotaka kuyamaliza kabla ya Idi: mahamri, visheti, mapazia, nguo za mtoto, sahani za majirani, sherehe ya kutimiza siku arubaini za uzazi ambayo mwaka huu imegongana na Idi yenyewe, na mengine. Kisha ukanyamaza kidogo, ukasema, "Lakini dada, mimi hiyo Idi siioni." Hapo nikazima jiko, nikakaa chini.

Nakujibu hapa hadharani, na jina lako nimelificha, kwa sababu najua kuna wazazi wengine huko kwako Amu (Lamu), huku Malindi na Mombasa walio na vichanga mapajani Ramadhani hii, na ndani ya simu zao mna orodha kama yako. Leo ni mwezi 14. Tuna nusu ya mwezi ya kupanga.

Neno langu kwako ni moja: mwaka huu hukandi, unakandwa. Unga wa Idi una mikono mingi ya kuukanda katika nyumba ile. Mwili wako ni mmoja, na ndio unaotakiwa kukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, ufungwe tumbo kwa leso, unyweshwe mchuzi wa pilipili manga. Wazee waliotuwekea siku arubaini waliona wazazi wengi wakiugua kwa kunyanyuka mapema. Mimi ni mmoja wao, na hili sijawahi kukusimulia, maana wakati ule ulikuwa bado bweni.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na siku thelathini na kitu ilipofika Idi. Mwezi 29 jioni watu walikuwa pwani wakitazama mwezi, na ulipotangazwa, takbiri zikaanza. Mama alikuwa amenikataza jikoni. Nikangoja avuke wikio, kile kidaraja cha juu kinachounga nyumba na nyumba, kwenda kwa shangazi kuchukua karai kubwa, nikakaa kwenye mbuzi, nikakuna nazi nne, nikachuja tui, nikapima kilo tatu za unga, nikatia iliki na hamira, nikaanza kukanda. Nilitaka watu waseme kwamba binti wa nyumba ile, hata na kichanga, mahamri yake ni yale yale. Mtoto akalia. Nikasema namaliza donge hili. Akalia tena, binti wa shangazi akambeba, akambembeleza hadi akalala na njaa yake. Nikapitisha zamu mbili za kunyonyesha, pengine tatu. Maziwa yalikuwa yakinivuja hadi kwenye dera, nami nikajifuta kwa pembe ya leso, nikaendelea.

Saa nane usiku ziwa la kushoto lilikuwa gumu kama dafu, jekundu upande mmoja, na baridi imeniingia mgongoni. Nikadhani ni upepo wa kusi, kwa sababu miaka ile Ramadhani ilikuwa ikiangukia Juni. Asubuhi ya Idi takbiri zilikuwa zikiingia dirishani, msikiti mmoja baada ya mwingine, nami nimejifunika mablanketi mawili, meno yanagongana. Baba alinishika mkono hadi hospitali, vichochoro vimejaa watoto wa nguo mpya wakikimbilia mkono wa Idi, na kila tuliyepishana naye akinipa Idi mubarak nisiweze kuitikia. Muuguzi akanieleza pole pole: maziwa yakikaa bila kutolewa, njia zake huziba, ziwa huvimba, na vijidudu vikipata nafasi homa hupanda. Akanipa dawa, akaniambia niendelee kumnyonyesha mtoto kwa ziwa lile lile, maana kuliacha ndiko kungezidisha. Mahamri niliyoyakanda sikuonja hata moja.

Sasa sikiliza mipango yangu.

Anza na zidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vitu. Ule ukuta wa ndani ambao bibi alipanga vikombe vyake, chagua vidaka vinne ambavyo ukiwa umekaa kitandani mkono wako unavifikia. Kimoja weka nepi na vitambaa. Cha pili ni chako wewe: chupa ya maji, tende, korosho, chochote cha kutafuna saa nane za usiku, maana anayenyonyesha huona njaa na kiu ghafla. Cha tatu weka kijitabu cha kliniki na kalamu. Cha nne usiweke kitu, kitajaa chenyewe. Mtu akija na kitu kipya cha mtoto asikulundikie kitandani, aambiwe mahali pake. Nilipompata wa pili nilifanya hivi, na nafuu niliyoiona ilinishangaza.

Saa pia zipange, lakini si kwa simu. Kichanga hunyonya kama mara nane hadi kumi na mbili kwa usiku na mchana, na ukianza kuhesabu dakika utachoka kabla ya adhuhuri. Wewe una adhana tano zinazokuitia. Kila ukisikia adhana mpe ziwa, na baina ya adhana na adhana mpe anapotaka mwenyewe. Tena ujue jambo moja ambalo lingenisaidia laiti ningeambiwa: watoto wengi wachanga hulia zaidi jioni, na kilio hicho huzidi kadiri wanavyokaribia wiki ya sita. Jioni ndiyo saa ambayo nyumba zetu za Ramadhani ziko motoni, sambusa ziko kwenye karai, viazi vya nazi vinachemka, kila mtu anaita mwenzake. Kwa hiyo alasiri ikiadhiniwa, wewe uwe umeshatoka jikoni. Funga mlango wa ndani, washa feni, lala na mtoto wako kifuani. Akilia, analia kwa kuwa ni jioni. Hulei vibaya.

Sahani najua zinakukera. Sinia linaingia limefunikwa kawa, ndani mna mkate wa sinia au kaimati, nawe unajua sahani hairudi tupu. Mwambie shemeji anunue kilo tano za tende, ziwekwe karibu na mlango. Sahani ikija, ioshwe, itiwe tende kiganja kimoja, mtoto aliyeileta arudi nayo papo hapo. Hakuna jirani mtaani kwenu Mkomani atakayemhesabia mzazi. Mwaka kesho utapeleka wewe.

Shemeji nampa kazi zake hapa hapa, naye najua atasoma. Samaki na nyama ni juu yake. Noti za hamsini hamsini za mkono wa Idi azitafute mapema, wiki ya mwisho huadimika. Na asisahau fitri ya mtoto, ile zaka ya kumaliza Ramadhani! Mtoto amezaliwa Shaaban, kwa hiyo jua likichwa siku ya mwisho ya Ramadhani anadaiwa kama mtu mzima, pishi moja ya mchele, yapata kilo mbili na nusu, na mtoaji ni baba yake. Nampenda huyu mtoto kwa hili, kwamba siku hiyo atakuwa na wiki sita tu duniani na tayari kuna mtu atakayekula Idi kwa ajili yake.

Umeniambia unakula kwa kujificha, unaona haya kwa kuwa hufungi. Mdogo wangu, uko kwenye nifasi, damu ya uzazi. Kufunga kumekuondokea kwa amri, na siku zako utazilipa kadha Mola akikupa nguvu. Damu ikikatika kabla ya arubaini, oga, sali, usingoje siku zitimie, maana wengi wetu tulifundishwa kungoja. Na hata ukishatoharika, anayenyonyesha ana ruhusa akiihofia nafsi yake au mtoto. Kwa sisi Mashafii, ukila kwa kumhofia mtoto peke yake unalipa kadha pamoja na kibaba cha chakula kwa kila siku. Ukila kwa kujihofia mwenyewe, ni kadha tu. Muulize mwalimu wako akupimie hali yako. Dhikri na dua hakuna aliyekufungia, na kuisikiliza Kurani ya tarawehe ikipanda dirishani ukiwa umempakata mtoto ni Ramadhani pia.

Kuhusu kliniki: chanjo ya wiki sita inaangukia Idi hasa, siku ambayo milango imefungwa. Mwulize muuguzi sasa hivi siku ya kwanza watakayofungua baada ya sikukuu, iandike kwenye kijitabu, tena iandike kwa kalamu nzito nyuma ya mlango. Kuchelewa siku mbili tatu hakumdhuru mtoto. Kinachodhuru ni kusahau, ukaja kukumbuka mwezi umekwisha.

Arubaini isogeze. Najua mama mkwe wako ameshaita watu, na namheshimu, lakini pilau ya arubaini haina siku iliyoteremshwa. Katikati ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, wageni wa Idi watakuwa wamesharudi makwao, samli itakuwa imeshuka bei, na wewe utakuwa na nguvu ya kukaa kwenye mkeka na kufurahi. Nitampigia simu mimi mwenyewe. Hilo liache kwangu.

Siku ya Idi yenyewe wageni watakuja kumwona mtoto, na hawazuiliki. Ndoo ya maji na sabuni ziwe pale dakani, kwenye baraza ya mlangoni, kila anayeingia anawe. Mwenye mafua akae kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, amtazame kwa mbali. Kumbusu mtoto usoni hapana, awe nani awe. Chetezo cha udi kibaki sebuleni. Wanja usimpake, aina nyingi zina madini ya risasi. Ile suti ya vipande vitatu iliyotoka Mombasa mvalishe dakika tano, mpigeni picha, mvue, maana kaskazi hii itamtoa vipele vya joto hadi shingoni. Na bibi mmoja lazima atasema, mtoto ana kiu, mpeni maji kijiko kimoja. Mjibu kwa adabu: maziwa yako zaidi ya asilimia 80 ni maji, na mpaka miezi sita hahitaji kingine.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya nizime jiko.

Ulisema huioni Idi, na kwamba unalia tangu wiki ya kwanza, mara nyingine bila sababu, ukiwa umemshika mtoto unayempenda. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi, na kwa kawaida wiki mbili zikipita hutulia. Yako yameingia wiki ya nne. Hilo si upungufu wa shukrani na si jicho la mtu. Ni maradhi yanayowapata wanawake baada ya kujifungua, yana jina hospitalini na yana matibabu. Naomba kesho asubuhi, kabla ya pazia na kabla ya visheti, Mama akupeleke kliniki ukamwambie muuguzi maneno yale yale uliyoniambia mimi. Ukishindwa kuyasema, mpe simu asikilize. Na ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje asubuhi, mwamshe Mama saa ile ile, hata iwe usiku wa manane.

Furaha ya Idi usiitafute kwa nguvu. Mwaka huu yatosha ikiwa utaoga, uvae dera safi, ukae dirishani umsikilizishe mwanao takbiri zake za kwanza. Mimi Idi ile iliniponyoka, lakini siku ya tatu, homa imeshuka, nilimshika mwanangu pale pale dirishani, akanitazama akiwa ametulia kabisa, macho yake yakifuata kanda la mwanga lililopita kwenye shubaka. Hadi leo nikikumbuka Idi ile, nakumbuka macho yale.

Nakuja mwezi 26. Nitapanda basi la asubuhi, Garsen, Witu, Mokowe, na alasiri inshallah niko kwenye mashua. Halua ya Malindi nimeshaiagiza, na visheti nitavitengeneza huku nije navyo kwenye ndoo. Nyumba itakuwa imejaa, kwa hiyo nitalala kwa shangazi, ng'ambo ya wikio. Alfajiri, mtoto akishanyonya, nitavuka nimchukue ulale hadi saa tatu. Mlango wa juu usiutie komeo, na ukisikia nyayo usinyanyuke.

Dada yako.