Mwanangu, soma kadi kabla hujatazama rangi

Kichangani, Morogoro
Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Shikamoo yako nimeipata pamoja na picha tatu za magari. Marahaba, mama. Sisi huku hatujambo, mdogo wako amemaliza mitihani na maji yameanza kutoka tena. Picha zako nimezitazama, nikaenda kuvaa miwani, nikazitazama upya. Uliniuliza neno moja tu: jipya au lililotumika? Ningekujibu kwa simu, ila najua ungenikatiza nikifika kwenye habari ya benki. Kwa hiyo nakuandikia, usome ukiwa umekaa.

Kwanza nikukumbushe Hilux yetu. Tuliinunua mwaka 1998, wewe ukiwa na miaka mitatu, tulipokuwa tunatoa mboga Nyandira kuzileta mjini. Baba yako alilizunguka lile gari, akagonga bodi kila upande, akalala chini akakagua chasisi, akaliwasha, akatabasamu. Injini ilikuwa nzima kweli. Kadi tulionyeshwa, namba ya chasisi ikalingana, lakini jina lilikuwa la mtu mwingine. Aliyetuuzia akasema ni la kaka yake, yuko safarini, akirudi tutabadilisha. Tukalipa yote siku hiyo hiyo, kwa sababu msimu wa karoti ulikuwa umeanza na tuliona tunachelewa.

Mwaka wa pili, alfajiri, kabichi zimeshapakiwa, wakaja watu wawili na karatasi ya mahakama. Mwenye jina kwenye kadi alikuwa amefariki kabla hata sisi hatujaliona lile gari, na msimamizi wa mirathi alikuwa mjane wake. Yule aliyetuuzia hakuwa na haki ya kuuza hata tairi la akiba. Gari likakaa kituoni miezi mitano chini ya mwembe. Nilikuwa napita pale nimekushika mkono, naona majani yamejaa juu ya kioo, nashindwa kukujibu ukiniuliza kwa nini gari letu limelala. Mwishowe tulielewana na yule mama, tukamlipa kwa mafungu. Hilux moja tuliinunua mara mbili. Baba yako hadi anaondoka duniani alikuwa akilikumbuka jambo hilo usiku.

Ndiyo maana kwenye picha zako zote tatu swali langu la kwanza lilikuwa hilo: kadi itasoma jina la nani?

Tuanze na lile jeupe, ziro kilomita. Ni zuri, sibishi. Gari jipya lina mambo yake ya haki: hakuna aliyelitesa kabla yako, lina dhamana, likisumbua unalirudisha kwa waliokuuzia. Mtu mwenye fedha zake mkononi akilinunua, nampongeza. Lakini wewe una milioni 18 ulizoziweka kwa miaka minne, na milioni 40 zilizobaki unataka benki ikukate laki tisa kila mwezi kwa miezi 72. Nimepiga hesabu hiyo mara mbili kwenye daftari la kikoba. Ni milioni 64 na laki nane. Yaani kwa milioni 40 za benki utarudisha karibu milioni 25 zaidi, wakati gari lenyewe thamani yake inaanza kushuka siku unayotoka nalo yadi. Na benki haitakuacha uendeshe kwa bima ndogo, itataka bima kubwa kila mwaka mpaka deni liishe. Kadi je? Umeandika mwenyewe, mstari wa mwisho, kama jambo dogo: itakuwa na jina lako na la benki. Miaka sita, Rehema.

Najua sheria ya makato inakuachia theluthi ya mshahara. Theluthi hiyo ndiyo utakayolipia kodi ya nyumba ya Nkuhungu hapo Dodoma, ndiyo utakayokula, ndiyo utakayowekea mafuta ya kwenda ofisini Mtumba na kurudi kila siku. Mdogo wako akipangiwa chuo, utachota wapi? Sikulaumu kwa kutamani. Nakuuliza tu kwa sababu nitakuwa nakuona unavyohesabu.

Umesema unataka gari jipya ili uje kuniona kila mwezi bila hofu ya kuharibikiwa Gairo usiku. Maneno hayo yalinigusa, nikanyamaza kidogo kabla ya kuendelea kusoma. Lakini mwanangu, treni ya SGR ipo tangu 2024. Unapanda Dodoma, unashuka Morogoro, mimi nakuja kukupokea. Usinifanye mimi kuwa sababu ya deni. Gari unalolihitaji ni la kukutoa Nkuhungu asubuhi na kukurudisha jioni, na vumbi lile la mtaani kwenu halichagui kati ya jipya na kuukuu.

Picha ya pili ni ile Toyota IST ya mwaka 2005 iliyoko Japani. Hili nalielewa kwa nini limekuvutia, na si jambo baya. Kule gari jipya likifikisha miaka mitatu linapelekwa kwenye ukaguzi wa serikali wanaouita shaken, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama yake si ndogo. Wengi huona heri wauze kuliko kulipia ukaguzi mwingine, na hivyo magari yanakuja kwetu yakiwa bado na nguvu, tena usukani uko kulia kama wetu.

Ila bei uliyoiona kwenye simu ni ya gari pamoja na meli na bima ya safari tu. Nimemwomba kijana wa jirani anayefanya kazi kwa wakala wa forodha anifanyie hesabu. Tuseme hadi bandarini ni dola 4,000. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni 1,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya saizi hiyo ni asilimia 5 ya 5,000, yaani ile 4,000 pamoja na ushuru wa forodha, unapata 250. Kwa kuwa gari limepita miaka 10, kuna kodi ya uchakavu, asilimia 30 ya hiyo hiyo 5,000, nayo ni 1,500. Halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo, 1,215. Ukijumlisha kodi hizo unapata dola 3,965, karibu sawa na gari lenyewe, na hapo bado tozo ya reli, malipo ya wakala, namba na mengineyo. Tena TRA, mamlaka ya mapato, hawafuati bei uliyonunulia wewe, wana thamani yao. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yao, ingiza mwenyewe uone. Kwa shilingi, milioni zako 18 zinaisha gari likiwa bado bandarini, na likichelewa kutolewa kule gharama za kulihifadhi zinahesabiwa kwa siku.

Siku ukija kuagiza, maana siku hiyo itafika, dai karatasi ya mnada. Magari mengi ya kule hupitia mnadani, na mkaguzi huandika alama: 4 na kwenda juu ni zuri, 3.5 lina makovu yake, na ukiona herufi R ujue liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kilomita nazo zimeandikwa pale, linganisha na dashibodi. Atakayesema karatasi imepotea, muage kwa heshima.

Nabaki na picha ya tatu, ile uliyoipiga kwa mbali kama unaionea aibu. IST ya kaka wa ofisini kwenu, namba D, anataka milioni 11. Mama, hilo ndilo nililolikalia zaidi. Umesema alilitoa mwenyewe bandarini, kadi inasoma jina lake tangu siku ya kwanza, na unaliona likiegeshwa ofisini mwaka wa tatu sasa. Gari la mkononi linaogopesha kwa sababu hujui lilikotoka. Hili unalijua. Ukilipa milioni 11 unabaki na saba: za kubadilisha umiliki, bima, matairi, shokapu, na fundi wa mwezi wa kwanza, maana hakuna gari la mkononi lisilodai kitu mwezi wa kwanza.

Lakini kujuana ofisini si ukaguzi. Usitumie fundi wake. Usitumie pia fundi atakayeletwa na dalali, huyo cha juu chake kiko ndani ya bei na macho yake yatakuwa huko. Fundi mlipe wewe, umwambie kabla kwamba hela yake ni ile ile ukinunua au usiponunua.

Gari litazamwe likiwa limelala usiku kucha. Shika boneti kwanza. Ikiwa ya moto, ameliwasha kabla hamjafika, na anayepasha injini moto mapema mara nyingi anaficha sauti fulani ya asubuhi. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando kama uji wa maziwa, maji yanaingia kwenye oili, na hapo msipoteze muda. Oili ya gia boksi ichotwe, inuswe. Ikinukia kuungua, gia boksi inakwenda. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake: ukiwa na mstari wa tope, gari limewahi kuzama, na chini ya zulia utakuta kutu kwenye reli za viti. Mkanda huo huo huwa na kibandiko chenye mwaka uliotengenezwa. Usipolingana na mwaka wa gari, uliza ulibadilishwa kwa ajali gani.

Kisha madeni ya trafiki, yaangalie kwa namba ya gari. Kisha kadi: chasisi na injini zisomwe kwenye gari lenyewe, si kwenye kopi. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, mke wake awepo au angalau ajue. Na TRA mwende pamoja wiki hiyo hiyo. Usikubali kuendesha kwa jina lake eti mtabadilisha akirudi likizo. Sitaki kusikia neno safari kwenye habari ya kadi tena.

Nimeshaongea na Mzee wa gereji ya Msamvu, yule aliyekuwa akiitengeneza Hilux baada ya kurudishwa. Amekubali. Tunapanda treni ya Ijumaa jioni, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuko kwa huyo kaka. Mwambie alale akijua tunakuja, na asiliwashe. Hata shilingi ya kushikia usitoe mpaka nifike.

Nitakuja na mchele kilo kumi na zile karoti za Nyandira unazozipenda. Andaa mahali pa Mzee kulala.

Mama yako