Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwalimu Mkuu, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu hapa Vingunguti, na tunakushukuru kwa kuziacha shughuli zako nyingi ili uadhimishe nasi siku hii ya Juni 5.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu yetu ina miaka mitano na mafanikio yake ni makubwa. Tumepanda miembe ambayo sita imeshika, na mmoja unalitia kivuli darasa la kwanza zima. Ni katika jiji hili la Dar es Salaam, mwaka 1991, Dkt. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alikutana na wanafunzi 12 wakaanzisha mpango wa vijana wa kutunza mazingira uitwao Roots & Shoots, ambao leo umeenea nchi nyingi; nasi tunajihesabu warithi wa wanafunzi hao.

Hata hivyo, tunalo hitaji moja kubwa, nalo ni usafiri.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, unapita mtaani kwetu, kisha unashuka Jangwani hadi Bahari ya Hindi. Watoto wetu wanaujua kwa harufu yake, na kwa usiku wa masika unapoingia ndani wakapandishwa juu ya meza. Mwalimu wa sayansi alipouliza chanzo chake kiko wapi, mwanafunzi wa darasa la nne alijibu bila kusita kuwa ni kwenye bomba la nyuma ya kiwanda. Hakujibu kwa uzembe. Ndiko alikouona ukitoka. Tunataka mtoto huyo asimame ndani ya Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, asikie ndege, akanyage majani makavu, kisha auone mto wake ukiwa bado mdogo na safi.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi basi, tukampigia makofi. Siku ya safari watoto walifika saa kumi na mbili asubuhi na sare zilizopigwa pasi, chapati zikiwa zimefungwa kwenye mifuko. Saa nne tuliwarudisha madarasani. Mgeni wa mwaka jana naye aliahidi kulifuatilia suala hilo, na tunaamini bado analifuatilia. Ahadi zote mbili zimo katika kumbukumbu za vikao vyetu, pamoja na tarehe zake.

Wazazi wetu wengi ni mama lishe, wachuuzi na wabeba mizigo, na mwenye basi hutaka fedha zake kabla ya kuwasha gari. Kwa hiyo hatuombi kununuliwa basi. Tunaomba kukodishiwa basi mara mbili kwa mwaka, pamoja na kulipiwa kiingilio cha msituni, na kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba utaje tarehe ya safari ya kwanza hapa hapa, watoto wakiwa wanasikia, kabla hujaelekea kwenye chakula.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Mazingira