YAH: Kukabidhiwa gari lenye ekzosi nusu

Kwa Meneja wa Gereji,

Jumatatu niliwaletea gari libadilishwe sailensa iliyoliwa na kutu. Jumatano jioni nikapigiwa simu nije kulichukua. Fundi wenu akaniambia sailensa mpya bado haijafika, hivyo bomba la moshi wamelikata chini ya viti vya mbele, na kwamba naweza kuliendesha hivyo hivyo wiki nzima. "Ni kelele tu," alisema.

Kesho yake tulikwama kwenye foleni, mvua inanyesha, vioo vimefungwa, mwanangu amelala kiti cha nyuma. Kichwa kikaanza kunigonga, kichefuchefu kikafuata. Nilipomwamsha mtoto, naye akalalamika kichwa. Tulishuka tukasimama kwenye mvua hadi tukapata nafuu. Nilipochungulia uvunguni nikakuta bomba linaishia usawa wa miguu ya mwanangu, na kizibo cha mpira cha sakafuni hakipo.

Moshi wa ekzosi una monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu. Haina rangi wala harufu, na ikiingia mwilini hung'ang'ania himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu aliyelala haijui inapomfikia. Bomba hufika nyuma kabisa ya gari ili moshi huo utokee mbali na waliomo ndani, na fundi wenu anajua, maana mlango wa gereji yenu huachwa wazi kila injini inapowashwa. Mimi aliniambia ni kelele.

Halafu kuna masega, yale ya kusafisha moshi. Nayo hayapo. Sikuombwa ruhusa wala kuelezwa, na ndani yake mna madini ya thamani kama platinamu. Ni mali yangu, nayataka.

Gari sitaliwasha tena. Njooni mlivute kwa gharama yenu, mfunge bomba zima hadi nyuma, mrudishe kizibo cha sakafu, na viungo vyote vikaguliwe uvujaji mbele yangu. Nataka pia maelezo ya maandishi kabla ya Ijumaa: nani aliruhusu gari litoke katika hali ile?

Kama kuna mteja mwingine mliyemwachia gari namna hii, mpigieni simu leo, kabla hamjanijibu mimi.

Mteja wenu,
Mwenye gari