Asidi ya chooni si ya terazo

Mhariri,

Mimi ni fundi wa terazo, yaani sakafu ya saruji yenye vipande vya marumaru, naishi Temeke. Naitwa kwenye nyumba ambako sakafu imesuguliwa kwa asidi ya chooni eti ing'ae, kisha lawama zote kwangu.

Jamani, inameni mtazame. Lile povu ni gesi inayotoka chokaa inapoliwa na asidi. Vipande vyeupe vya marumaru vimebonyea, chembe za mchanga zimebaki juu, hazijaguswa. Ndiyo maana mguu unakwaruzwa. Asidi kali hula zaidi pale asidi mpya inapofika, yaani pale brashi inapopita sana.

Hata kimiminika hafifu, kama maji ya mvua, hakili sawasawa. Ndani ya kipande kimoja cha marumaru, chembechembe ndogo mno zinazokiunda, zile za katikati ya uso bapa, zimeshikwa na jirani zao kila upande; za ukingoni na kwenye pembe zina jirani wachache, hung'oka kwanza. Penye kasoro au mkwaruzo huanza kishimo, nacho huzaa kingo mpya za kuliwa.

Maji na sabuni isiyo na asidi vinatosha. Sakafu ikishaliwa, dawa ni mashine ya kusagia, na hiyo si bei ya brashi.

Fundi terazo,
Temeke, Dar es Salaam