Malalamiko: stika za "1×3" kwenye dawa za macho za baba yangu

Kwa Meneja wa Famasi,

Habari za kazi. Nimejizuia wiki nzima nisiandike na hasira ila haijaisha kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Baba yangu alifanyiwa operesheni, retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ilikuwa imebanduka, wakamwekea gesi ndani ya jicho iishikilie, mzee wa miaka 66 analala kifudifudi, anakula ameinama, hata kusali ameinama. Daktari akamwandikia matone aina tatu: antibayotiki mara 4 kwa siku, steroidi ya kutuliza uvimbe kila baada ya saa 2 mchana kutwa, atropini ya kutanua mboni mara 2. Cheti kinasomeka vizuri kabisa. Kijana wenu wa kaunta akachukua chupa zote akazibandika stika, 1×3, 1×3, 1×3, yaani tone moja mara tatu kwa siku, hajauliza hata ni jicho lipi. Nikamwambia mbona cheti hakisemi hivyo, akanijibu "dada, matone ya macho yote ndo hivyo hivyo, we fuata stika."

Nikafuata stika. Mama akawa anamtilia zote tatu kwa mpigo, dawa inachuruzika shavuni, hakuna aliyetuambia kusubiri kama dakika 5 kati ya dawa na dawa. Na ile ya steroidi stika yenu imeziba maneno ya kutikisa chupa, sa hivi nikiiinua kwenye taa naona unga mweupe umetuama chini, yaani baba alikuwa anatiliwa maji ya juu tu.

Usiku wa siku ya tano jicho likawa jekundu kama nyama, kichwa kinamgonga upande ule ule, akatapika mara mbili. Nikapiga namba iliyo kwenye mfuko wenu na mtu akapokea, hilo nawapongeza, ila akasema ni kawaida, dawa inafanya kazi, mpe panadol alale. Karatasi ya hospitali inasema maumivu yakizidi, wekundu ukiongezeka, kuona kukipungua, akiona vimulimuli au kivuli kama pazia, arudi siku hiyo hiyo. Saa nane usiku tukachukua bajaji. Presha ya jicho ilikuwa 44, ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Daktari alisema gesi yenyewe inaweza kupandisha presha, sio lazima iwe ni nyie, ila jicho lilikuwa limevimba ndani kwa kukosa steroidi ya kutosha na tungesubiri asubuhi mshipa wa fahamu wa jicho ungeweza kuharibika moja kwa moja.

Nataka majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Mtu anayepokea simu usiku awe mfamasia, na kama hajui aseme nenda hospitali. Stika ziandikwe kama cheti kilivyo, jicho lipi, mara ngapi, zisizibe maandishi ya chupa. Mkikaa kimya napeleka Baraza la Famasi. Chupa zote tatu ninazo na stika zenu sijazibandua.